Muulize Mama Muuguzi: Mwanafunzi wa jangwani haji chuoni peke yake

Mwezi huu barua zilizonigusa zaidi zimetoka Australia, kwa wauguzi na wahudumu wa Kiswahili wanaofanya kazi karibu na wenyeji wa asili wa nchi ile, Waaborijini. Wasomaji wa siku nyingi wanajua kwamba nilianzia uuguzi Tanga na nikamalizia utumishi wangu Alice Springs nikiwa mkufunzi wa wodini, kwa hiyo jambo hili nina deni nalo. Nimezijibu zote kwa mkupuo.

Shikamoo Mama. Mimi ni muuguzi kutoka Mwanza, niko Alice Springs. Mkubwa wangu wa kazi ameniomba nisaidie kikundi cha wanafunzi wa uuguzi Waaborijini, sita kwa jumla, wanaotoka vijiji vya mbali jangwani. Tutakuwa tunakutana kila baada ya wiki mbili. Nimezoea kumlea mwanafunzi mmoja mmoja wodini. Kwa nini kikundi? Na mimi niliye mgeni, nitawaambia nini watu walio kwao?
*Muuguzi, Alice Springs*

Marahaba mwanangu. Swali lako la pili ndilo zito, ila nianze na la kwanza kwa kuwa ndilo linalolizaa.

Zitazame zahanati za vijijini huko Northern Territory, eneo lenye mji wako wa Alice Springs. Watafiti waliofuatilia ajira za miaka ya 2013 hadi 2015 walikuta kwamba katika kila wahudumu watano walioajiriwa kwenye zahanati fulani, karibu mmoja tu ndiye aliyekuwa bado yupo palepale mwaka ulipotimia. Sasa mkabidhi mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kwa muuguzi mmoja. Februari wanafahamiana. Mei mwanafunzi amemwamini kiasi cha kumwambia kwamba hana pa kulala akiwa mjini. Julai muuguzi yule amehamia Brisbane. Kijana huyu ameyaona haya tangu utotoni: mwalimu kaja kaondoka, daktari kaja kaondoka, askari kaja kaondoka. Mlezi wa pili hatamfungulia moyo, na wa tatu hatamsalimia. Wewe nawe utaondoka siku moja, kwa viza au kwa shule ya watoto. Wale sita watabaki wanajuana, na mzee wa jamii yao atabaki, na dada wa kwao aliyewatangulia kuhitimu atabaki. Hiyo peke yake inatosha kuchagua kikundi.

Ya pili ni aibu. Kwa watu wa jangwani, kutengwa na wenzako ukaangaliwa peke yako, hata kama unasifiwa, ni mateso. Ukimkalisha mwanafunzi mkabala nawe ofisini ukamuuliza ana shida gani, atakujibu hana. Katika kikundi swali hupita mlango wa pembeni: "Kuna mtu alitaka kujua, hivi ukichelewa zamu kwa sababu gari la kijijini limeharibika, unafeli?" Kila mmoja anasikia jibu, na hakuna anayejua nani alikuwa na haja nalo.

Kikundi changu kimoja kilikwama kwenye hesabu za dawa. Vyuo vingi huko havikubali kosa hata moja katika mtihani huo, kwa hiyo mwanafunzi hodari kabisa wa kumhudumia mgonjwa anaweza kukwama hapo miezi. Nilikuwa nimeandika ubaoni dripu ya lita moja, iingie kwa muda wa saa nane, seti ya matone 20 kwa mililita: ni matone mangapi kwa dakika? Kimya. Nikaenda kuchemsha chai. Niliporudi, mama mmoja wa makamo, aliyekuwa mhudumu wa afya kijijini kwao kwa miaka mingi kabla ya kuamua kusomea uuguzi, alikuwa ameshika kalamu na anawaeleza wenzake kwa Kiwarlpiri, lugha yao ya jangwani. Anagawa, anazidisha, vijana wanabishana naye. Lugha siielewi, lakini mwishoni nilisikia namba kwa Kiingereza: arobaini na mbili kwa dakika. Nilimimina chai nikakaa. Kuanzia siku ile hesabu zilikuwa zake yule mama, na kazi yangu ikawa kuleta maswali magumu zaidi.

Kwa hiyo usiwe wewe kiongozi wa kikao. Kiongozi awe mzee anayeheshimika kwao pamoja na muuguzi Mwaborijini aliyekwisha kuhitimu. Kama hospitali yako haina, tafuta kupitia CATSINaM, jumuiya ya wauguzi na wakunga Waaborijini na wa visiwa vya Torres Strait. Iliundwa mwaka 1997, na aliyeiongoza tangu mwanzo ni Sally Goold, mwanamke wa Kiwiradjuri aliyekuwa Mwaborijini wa kwanza kusajiliwa muuguzi katika jimbo la New South Wales. Waangalie pia wahudumu wa afya Waaborijini, ambao tangu Julai 2012 wanasajiliwa kitaifa kama sisi wauguzi. Wengi wao wamezika, wamezalisha na wamefunga vidonda katika vijiji vile tangu kabla wewe hujapata pasipoti.

Kabla ya kikao cha kwanza, muulize mzee faraghani nani anaruhusiwa kukaa na nani. Hili naliwekea mkazo kwa sababu nimeona vikundi vikifa wiki ya kwanza na waandaaji wasijue kilichowaua. Kwa jamii nyingi za huko, mwanamume na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja, hawasemezani wala hawatazamani. Wala si lazima mwanamume awe amemwoa binti wa mama huyo. Mfumo wao wa ukoo unaweza kumfanya msichana wa miaka 20 awe mama mkwe wa mwanafunzi mwenzake. Kwetu nako zipo jamii zenye mwiko wa mkwe, kwa hiyo utaelewa upesi. Kaka na dada waliokwisha kukua nao huwekeana umbali. Ukiwapanga kwa orodha ya chuo, mmoja ataacha kuja bila kusema neno, na kwenye fomu ataandikwa mtoro.

Halafu misiba. Jangwani msiba unaweza kuchukua wiki kadhaa, na watu wanatoka mamia ya kilomita. Jina la marehemu halitamkwi tena kwa muda mrefu. Aliye hai mwenye jina hilohilo naye huacha kuitwa hivyo; kwa Wawarlpiri na majirani zao ataitwa Kumanjayi. Orodha yako ya zamu iliyobandikwa ukutani ina jina lile? Ibadilishe siku hiyohiyo.

Na hapa ndipo wanafunzi wengi wanapopotelea. Ili kuhitimu, mwanafunzi wa uuguzi Australia anatakiwa kutimiza angalau saa 800 za mafunzo kwa vitendo, na kazi hiyo hailipwi mshahara. Anayetoka Kintore yuko kilomita 530 magharibi ya Alice Springs. Ameacha watoto kwa bibi yao, analala hosteli, na katikati ya majuma yake ya wodini anapigiwa simu kwamba mjomba amefariki. Anaondoka usiku ule, kama ambavyo mimi na wewe tungeondoka. Akirudi saa zimepungua, msimamizi amenuna, na barua pepe ya chuo inamtaka ajieleze kwa maandishi. Hajielezi. Anarudi nyumbani, na chuo kinaandika kwamba ameacha masomo kwa sababu binafsi.

Hilo kikundi chako kinaweza kulizuia likipangwa mapema. Mwezi wa kwanza kabisa, mwiteni mratibu wa chuo aje mbele ya kikundi aseme kwa mdomo wake: msiba ukitokea, apigiwe nani, fomu ipi ijazwe, saa zitafidiwa lini. Mkubaliane kwamba aliyefiwa haandiki kitu. Mwenzake katika kikundi ndiye anayempigia mratibu. Jazeni pamoja pia fomu za fedha, maana zinachosha: Abstudy, yaani posho ya serikali kwa wanafunzi Waaborijini na wa Torres Strait, ufadhili wa Puggy Hunter kwa wanafunzi wa afya wenye asili ya Kiaborijini na Torres Strait, na posho ya mafunzo kwa vitendo ambayo serikali ilianza kuwalipa baadhi ya wanafunzi Julai 2025.

Sasa swali lako la pili. Utawaambia nini? Utawaambia mambo ya wodini. Kukabidhiana zamu kunavyokwenda na kwa nini wauguzi wanaongea haraka namna ile. Jinsi ya kumwambia daktari wa zamu kwamba dozi aliyoandika inakutia shaka. Anayekujazia fomu ya tathmini anatafuta nini, na kwa nini mwanafunzi asiyemtazama usoni wala asiyeuliza maswali anaandikwa hana ari, wakati kwao hiyo ndiyo adabu. Yote hayo ulijifunza kwa taabu ukiwa mgeni, na ni mali halisi. Kiingereza kwako ni lugha ya tatu, na kwa wengi wao ni ya tatu au ya nne. Mnaweza kusaidiana kukisoma kitabu cha famasia bila yeyote kujiona mjinga.

Ila usiwaambie "najua mnavyojisikia." Wewe ulipanda ndege kwa hiari yako na kwenu kupo. Wao walifuatwa kwao.

Na uanze na wanachokijua kuliko wewe. Ugonjwa wa moyo unaoanzia kwenye maambukizi ya koo umejaa vijijini mwao. Karibu kila mwanafunzi wako ana ndugu anayechomwa penisilini kila baada ya siku 28. Waulize sindano ile inauma wapi, watoto huikimbia kwa nini, na nani kijijini anaweza kuwashawishi warudi. Waulize habari za figo. Mwaka 2000 wachoraji wa Kipintupi, watu wa jangwa la Kintore, na jamaa zao waliuza picha zao kwa mnada Sydney wakapata zaidi ya dola milioni moja, kwa sababu wazee wao walikuwa wakienda Alice Springs kusafishwa damu na kufia huko mbali na nchi yao. Mwaka 2004 mashine za kusafisha damu zikaanza kufanya kazi Kintore kwenyewe, na huduma ile, Purple House, imesambaa jangwani. Mwanafunzi aliyemwona bibi yake akirejea nyumbani kwa sababu hiyo ana somo la uuguzi ambalo hukufundishwa Mwanza, wala mimi sikufundishwa Tanga.

Kukiwa kimya, acha kuwe kimya. Watu wa kule wanafikiri kabla ya kujibu na hawaoni haya kukaa dakika nzima bila neno. Sisi wa pwani ndio tunaohangaika.

Habari Mama. Mimi ni Mkenya, mzaliwa wa Kitui, muuguzi Darwin. Nisamehe kwa ukali wangu. Mama yangu aliuza mbuzi ili nisome. Nilifika hapa nikarudia mitihani kwa pesa zangu. Wanafunzi Waaborijini wana chumba chao chuoni, ufadhili wao, walezi wao, na sasa kikundi chao. Huo si upendeleo? Na kubebwa hakuwadhoofishi?
*Aliyejitegemea, Darwin*

Mwanangu, ukali wako siuchukii. Mbuzi wa mama ni mbuzi wa mama, na hakuna wa kukupunguzia heshima hiyo. Lakini nisikilize.

Ulipoingia chuo cha uuguzi Kenya, wakufunzi wako walifanana nawe. Matroni huenda alitoka Machakos. Mgonjwa wa Kitui akiingia hospitali ya Kitui anaulizwa kwa Kikamba anaumwa wapi. Hukuwahi kuhoji kama uuguzi ni kazi ya watu wa aina yako. Waaborijini na watu wa Torres Strait ni kama asilimia 3.8 ya wananchi wa Australia, lakini kati ya wauguzi na wakunga wote hawafiki asilimia 2. Na hapo kwenu Northern Territory, ambako karibu theluthi ya wakazi ni wao, ndio wanaojaza vitanda unavyovihudumia kila siku.

Pengo hilo halikuja kwa uvivu. Lowitja O'Donoghue, binti wa Kiyankunytjatjara aliyetenganishwa na mama yake akiwa na miaka miwili, alianza mafunzo ya uuguzi katika hospitali ndogo ya Victor Harbor. Alipoomba kuendelea Royal Adelaide Hospital alikataliwa kwa sababu ya asili yake. Aligombana na wakubwa hadi akafika kwa waziri mkuu wa jimbo la South Australia, na mwaka 1954 akakubaliwa, Mwaborijini wa kwanza kufunzwa pale. Alipanda hadi kuwa msimamizi wa wodi. Amefariki Februari 2024. Wanafunzi unaowaona Darwin leo ni wajukuu wa watu wa rika lake, na kila mmoja wa rika lile aliyenyimwa nafasi hakuacha nyumbani shangazi muuguzi wa kumuuliza kitu.

Kuna jambo chungu zaidi. Kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita, hadi miaka ya 1970, serikali za huko zilichukua watoto wa Kiaborijini kutoka kwa wazazi wao, na wengine walichukuliwa hospitalini walikozaliwa. Waziri Mkuu Kevin Rudd aliomba radhi bungeni tarehe 13 Februari 2008. Bibi anayeng'oa dripu yake usiku na kutoka wodini kabla ya matibabu kwisha, ambaye pengine umemwandika mkaidi, anaweza kuwa na kumbukumbu hiyo kichwani. Akimwona muuguzi wa kwao pembeni ya kitanda ana sababu ya kubaki. Mwanafunzi mmoja akihitimu, wagonjwa wako wanapona zaidi, na zamu yako inapungua uzito.

Unauliza kama kunawadhoofisha. Mtihani ni uleule, saa 800 ni zilezile, na bodi inayotoa leseni ni ileile iliyotoa yako. Kikundi hakimpi mtu jibu la mtihani. Kinahakikisha amefika kwenye chumba cha mtihani, amelala, amekula, na mtoto wake ana wa kumtazama. Na nikuulize kwa upendo: ulipotua Darwin, nani alikuonyesha wakala wa nyumba asiyetapeli? Nani alikusomea barua ya bodi? Nina hakika kulikuwa na kikundi cha Wakenya kwenye simu yako. Wewe hukujitegemea kiasi hicho, na hilo si aibu hata kidogo.

Kisha tambua kwamba jambo hili linakuhusu kikazi. Irihapeti Ramsden, muuguzi wa Kimaori wa New Zealand, alifundisha tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 kwamba usalama wa huduma kwa mtu wa utamaduni mwingine huamuliwa na anayehudumiwa, wala si muuguzi. New Zealand waliingiza fundisho hilo katika mafunzo ya uuguzi mwaka 1992. Kanuni za maadili za wauguzi wa Australia zililichukua mwaka 2018. Umesaini kanuni hizo. Omba ukaribishwe kwenye kikao kimoja cha wanafunzi hao, ukae nyuma, unywe chai yao. Kisha niandikie tena.

Jambo Mama. Mimi ni Mkongomani, nahudumia wazee Mount Isa na nasaidia kikundi cha wanafunzi kwa njia ya video. Wanazima kamera. Wengine hawaingii kabisa. Tufanye nini?
*Mhudumu, Mount Isa*

Achana na kamera, mwanangu. Nyuma ya mwanafunzi kuna nyumba ya watu kumi na tatu na hataki waonekane. Piga simu ya kawaida ya kikundi. Haili bando kama video na haikatiki kila wingu likipita. Muulize meneja wa zahanati au wa shule kama wanafunzi wa kijiji kimoja wanaweza kupewa chumba chenye intaneti jioni, maana wawili wakikaa pamoja mbele ya spika moja wataongea zaidi ya kila mmoja akiwa kwake. Muda uchaguliwe na wao. Msimu wa mvua barabara zikifungwa na umeme ukikatika, tuma ujumbe wa sauti wasikilize mtandao ukirudi.

Lakini mwanzoni kabisa mkutane ana kwa ana, hata kwa siku mbili, hata kama ni ghali. Simu hutunza urafiki uliokwisha kuwepo. Kuuanzisha ni kazi nyingine. Chuo cha James Cook kinafundisha uuguzi Mount Isa na hata kisiwani Thursday Island, kwa hiyo mwanafunzi wa huko halazimiki kuhamia Townsville ili asome, na pengine utapata wenyeji wa kukupokea karibu zaidi kuliko unavyodhani.

Mama, mratibu wetu anasema wazee wa kikundi waje kwa kujitolea kwani hakuna bajeti. Wewe unaonaje?
*Msomaji, Katherine*

Walipwe. Kwa saa, kwa kiwango kilekile anacholipwa mhadhiri mgeni, pamoja na mafuta ya gari, chakula, na malazi ya yule anayemsindikiza, kwa maana mzee hasafiri peke yake. Malipo yaandikwe kwenye bajeti kabla ya kikundi kuanza, tena kwenye mstari wake, yasifichwe chini ya "viburudisho." Bi mkubwa anayejua nani asikae na nani, anayefahamu ukoo wa kila mgonjwa wodini na anayeweza kumrudisha mwanafunzi aliyekimbia kwa simu moja, ana ujuzi ambao chuo hakiwezi kuuajiri kwa tangazo. Kama mratibu bado anasema fedha hakuna, mwombe akuonyeshe mwaka jana walitumia kiasi gani kuwasafirisha washauri kutoka Sydney.